Alama ya vema haimlindi mgonjwa

Karatasi yenyewe ni moja, imerudufishwa mara nyingi hadi mistari yake imepauka. Juu kuna jina, umri na nambari ya faili, katikati maswali kumi na kitu, na chini kabisa visanduku vitatu: hatari ndogo, hatari ya wastani, hatari kubwa. Nimeijaza mara nyingi katika miaka yangu ya kuwahudumia wagonjwa wa akili kati ya Kitale na Bungoma. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza kwa mkulima wa makamo aliyekuwa amelazwa majuma matatu. Asubuhi hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kumaliza uji wake. Mkewe alimsubiri kwenye benchi la nje, mfuko wa nguo safi mapajani. "Niko sawa sasa, daktari," aliniambia. "Wacha niende nikaone mahindi yangu." Siku ya kumi na moja mdogo wake alikuja kurudisha kadi ya kliniki. Aliiweka mezani, akabaki amesimama.

Tangu siku hiyo naisoma fomu ile kwa jicho jingine, na msimamo wangu ni huu: kuwagawa wagonjwa katika mafungu ya hatari hakuwalindi. Kunatutuliza sisi tunaojaza. Tathmini ya kweli ni mazungumzo kati ya watu wawili, na mazungumzo hayo lazima yaishie kwenye mpango wa siku zitakazofuata mgonjwa akishapita lango la hospitali. Yasipozaa mpango, hata yakijaza kurasa nne za faili, kazi haijafanyika.

Mwaka 1983 daktari wa akili wa Marekani, Alex Pokorny, alichapisha matokeo ambayo kila anayeshika fomu ile angepaswa kuyajua. Alikuwa amewafuatilia kwa miaka kadhaa wastaafu wa jeshi 4,800 waliolazwa kwa magonjwa ya akili huko Houston, akitumia vipimo bora vya wakati wake kuwabagua walio hatarini. Hesabu zake zilimpa watu 1,241 wa kuchungwa zaidi. Kati yao 35 walijiua. Lakini waliojiua kwa jumla walikuwa 67, kwa hivyo 32 walitoka katika kundi lililoonekana salama. Kwa kila mmoja aliyekisiwa sawasawa, watu thelathini na wanne walibandikwa hofu isiyowahusu, na karibu nusu ya waliokufa walikuwa wamewekwa upande ule ule nilikomweka mkulima wangu.

Kosa halikuwa la Pokorny. Hata ndani ya wodi ya akili, kujiua ni tukio la wachache, ilhali dalili tunazozitafuta wanazo wengi: kukata tamaa, kukosa usingizi, ulevi, msiba, deni. Chekecheo lenye matundu makubwa hivyo hupitisha punje na pumba pamoja. Vipimo vipya vimebuniwa tangu wakati huo, na bado Septemba 2022 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwaambia wahudumu waziwazi wasitumie vipimo vya alama kutabiri nani atajiua, wala wasiwapange watu katika hatari ndogo, ya wastani na kubwa ili kuamua nani atibiwe na nani aruhusiwe. Nchi yenye wataalamu wengi kuliko sisi imeviweka kando visanduku hivyo. Sisi bado tunavirudufisha.

Mkulima yeyote wa Trans Nzoia anajua bambo. Ukifikisha mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka, karani hulichoma gunia kwa bambo, hutoa konzi ya punje na kuzitia kwenye mashine ya kupima unyevu. Ikisoma zaidi ya asilimia 13.5, unarudi nyumbani kuanika tena. Hakuna karani anayedhani kipimo cha leo kitasimama wiki ijayo ikiwa gunia litalala nje mvua ikinyesha. Ni sisi wa hospitali tunaodhani hivyo kuhusu binadamu. Yule mkulima nilimpima chini ya paa: dawa inaletwa kwa saa yake, hakuna anayemdai, hakuna anayemwita mwehu, na usiku kuna nesi. Kisha nikamrudisha mvuani na kipimo cha chini ya paa. Sikumwuliza lolote kuhusu mvua yenyewe. Baadaye ndipo nilipoambiwa juu ya deni la mbolea, na kwamba nduguye alikuwa amesogeza mpaka wa shamba yeye akiwa wodini.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili, kiwango cha kujiua kilizidi 1,100 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kiwango cha dunia nzima, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, kilikuwa 9. Nyingi ya tafiti hizo ni za nchi tajiri, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba barabara ya kutoka Kitale kwenda Kiminini, Kamukuywa na Misikhu ina huruma zaidi. Mgonjwa anashuka kwenye matatu na dawa za majuma mawili. Kijiji kizima kinajua alikotoka. Anayemdai anajua amerudi. Na kama alikuwa na sonona, nguvu za mwili huenda zikarejea kabla ya matumaini: anaamka mapema, anaoga, anaonekana amepona, huku mawazo yake bado yako pale pale yalipokuwa. Kama alikuwa na maradhi ya kusikia sauti, zikinyamaza ndipo anapoanza kuona wazi alichopoteza: kazi, mchumba, miaka ya shule. Kupata nafuu kuna uchungu wake, na sisi humwachia mgonjwa aubebe peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo fomu hailiulizi kabisa, nami ningependa wahudumu wenzangu waliangalie sana. Wagonjwa wetu wengi hupewa haloperidol, au sindano ya mwezi ambayo kila mtu huiita modecate. Dawa hizi zimewarudishia watu wengi maisha yao. Lakini kwa baadhi huleta hali iitwayo akathisia. Mgonjwa hawezi kutulia. Anaketi, anasimama, anakanyaga papo hapo kama anayesubiri kuingia msalani, na ukimwuliza anasema kuna kitu kinamchemka ndani ya miguu. Nimemwona kijana akizunguka kitanda chake hadi nyayo zikachubuka. Familia husema wazimu umerudi, mhudumu naye huongeza dozi, na mateso yanazidi. Wako waliosema wangependa kufa ili tu mwili utulie. Swali ni rahisi: "Ukiketi kwenye matatu au kanisani, unaweza kukaa bila kuhangaika mpaka mwisho?" Artane tuliyozoea kutoa kwa ukakamavu wa misuli haisaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza propranolol, ambayo ni dawa ya bei nafuu. Swali moja na kidonge kimoja vinaweza kumtoa mtu kwenye hatari ambayo hakuna kisanduku kingeionyesha.

Sasa niyaguse mambo ninayoyasikia kila wiki, hata kutoka kwa watu waliosomea kazi hii. La kwanza ni kwamba ukimwuliza mgonjwa kuhusu kujiua utampa wazo. Tafiti zilizochunguza jambo hili hazikuona swali likiongeza mawazo hayo, na uzoefu wangu unakubaliana nazo: mara nyingi mabega yanashuka, pumzi inatoka, na machozi yanafuata. Mtu amekaa na siri hiyo miezi mitatu, halafu anakuja mgeni asiyeiogopa. Kinachodhuru ni namna ya kuuliza. "Huna mawazo mabaya, sivyo?" si swali. Ni ombi la kujibiwa hapana, na mgonjwa mwenye adabu atakupa unachoomba. Mimi huanza mbali. Namwuliza mzee kama usiku huwa mrefu. Namwuliza kama kuna siku alitamani asiamke. Halafu namwuliza kwa maneno yasiyozungukazunguka: "Umefikiria kujitoa uhai?" Akikubali, naendelea: lini mara ya mwisho, nini kilitangulia, nini kilimzuia. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwa mtu, au mtoto, au ng'ombe anayekaribia kuzaa, na mpango wote utajengwa hapo.

Lugha nayo ina uzito wake. Wodi za huku huwapokea Wabukusu, Watachoni, Wasabaoti, Waturkana, na watu waliohamia kutoka kila upande. Kiswahili cha mama wa Cheptais kinatosha sokoni, ila si lazima kitoshe kueleza kwa nini hataki kuishi. Nimeona mtoto wa miaka kumi na minne akitumiwa kumtafsiria mamake swali hilo. Asitumiwe. Atafutwe nesi, mfagiaji, mlinzi, yeyote mwenye lugha hiyo na kifua cha kutunza siri, na jamaa watoke nje kwa dakika ishirini. Mlima Elgon uko karibu nasi, na yaliyotokea huko kati ya 2006 na 2008, kwanza mikononi mwa kundi la wapiganaji la SLDF na kisha wakati wa operesheni ya jeshi, yangali ndani ya wanaume ambao leo wana miaka arobaini na hamsini. Wengi hawatazungumza mbele ya wake zao, wala mbele ya mtu aliyevaa sare yoyote, hata kama ni ya askari wa lango.

Kisha kuna sheria. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia zilijifunza kusema uongo: alianguka, alikosea dawa, ilikuwa bahati mbaya. Na faili iliandikwa bahati mbaya, mtu akatibiwa tumbo akarudishwa nyumbani bila yeyote kumwuliza swali. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Akili. Nilifurahi sana siku ile. Lakini hukumu ya Nairobi haiwafikii wagonjwa yenyewe, na bado nakutana na wanaodhani nikiandika wanayoniambia, polisi watakuja. Kwa hivyo nawaambia mapema, kabla ya swali lenyewe: hapa hakuna polisi, na unayoniambia ni ya kukutibu.

Wengine husema anayetangaza hatafanya, kwamba anatafuta kuhurumiwa tu. Nawajibu kwamba mtu anayetafuta huruma kwa njia hiyo anaihitaji, basi apewe. Aliyewahi kujaribu mara moja, hata kwa jaribio tunaloliona dogo, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu tena kuliko asiyewahi. Wengine humtaka mgonjwa aape au atie sahihi kwamba hatajidhuru, kisha karatasi inawekwa kwenye faili kama ngao. Karatasi hiyo inamkinga mhudumu, na inamfundisha mgonjwa kwamba akizidiwa tena atakuwa amevunja ahadi, hivyo atanyamaza. Na kuhusu wanaosema ni laana au mapepo, sibishani nao wodini. Mchungaji anayemtembelea mgonjwa kila Jumapili ni mtu wa thamani katika mpango wangu, mradi asimwambie aache dawa.

Mpango wenyewe nauandika na mgonjwa, kwa maneno yake, kwenye karatasi anayoondoka nayo. Wamarekani wawili, Barbara Stanley na Gregory Brown, ndio walioupa utaratibu huu umbo linalotumika leo katika nchi nyingi, na hauhitaji mashine. Ni dalili gani zinakuonyesha unaanza kuzama? Ukiziona, utafanya nini mwenyewe kwanza? Utakwenda kwa nani ukakae tu, hata bila kusema lolote? Nani utamwambia? Utapiga simu wapi? Hapo chini naandika 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa, na 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Mama mmoja alinifundisha kwamba "nitamwambia shemeji" halitoshi. Shemeji gani, ana simu, anashinda wapi? Tulimpigia palepale, nikiwa nimeketi naye kitandani, na shemeji akasema, "Aje hata saa nane za usiku."

Sehemu ya mwisho ya mpango huzungumzwa na familia, na hii naomba isirukwe na mtu yeyote katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Karibu kila nyumba ya mkulima ina dawa za shamba, na mara nyingi ziko chumbani, kwa kuwa hapo ndipo haziibwi. Namwomba mke, ndugu au mwana mkubwa azihamishe kabla ya mgonjwa kufika nyumbani, zikae kwa jirani au zifungiwe na ufunguo uwe kwa mwingine. Dawa za hospitali pia zisitolewe za miezi miwili kwa mkupuo, na zishikwe na mtu aliyekubaliwa na mgonjwa mwenyewe. Watu huniambia aliyedhamiria atapata njia nyingine. Sivyo ilivyo kwa wengi. Dhiki kali kabisa huja kama wimbi, hupanda na kushuka, mara nyingi kwa muda wa saa chache, na kila kizuizi kinachomchelewesha mtu kinampa wimbi nafasi ya kushuka. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, kimoja baada ya kingine, na katika miongo miwili baada ya 1995 kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Watu hawakuacha kuwa na huzuni. Walibaki hai wakiwa na huzuni, na wengi huzuni ikawapungua.

Halafu simu. Mwaka 1976 Jerome Motto wa San Francisco aliripoti jambo dogo la ajabu. Alichukua wagonjwa 843 waliotoka hospitalini na kukataa kuendelea na matibabu, nusu yao akawa anawaandikia barua fupi mara kwa mara kwa miaka mitano. Barua hazikudai chochote, zilisema tu tunakukumbuka, tunatumaini u mzima. Katika miaka miwili ya kwanza waliopata barua walijiua wachache zaidi. Shirika la Afya Duniani lilijaribu wazo lililo karibu na hilo katika nchi tano, Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipewa mazungumzo ya takriban saa moja, kisha wahudumu wakawasiliana nao mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kwa kuwatembelea. Kati ya waliopewa huduma ya kawaida, asilimia 2.2 walikufa kwa kujiua. Kati ya waliofuatiliwa, asilimia 0.2. Hizo hazikuwa hospitali za Uswisi. Zilikuwa hospitali zenye foleni kama zetu.

Ninachoziomba hospitali za kaunti ni daftari, simu moja ya kabambe ya wodi, na salio. Kila anayeruhusiwa aandikwe humo pamoja na nambari mbili, yake na ya mtu wake. Apigiwe ndani ya siku tatu, kisha siku ya saba, kisha kila mwezi hadi nusu mwaka. Asipopatikana mara mbili, apelekewe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Serikali iliwapa wahamasishaji wapatao 100,000 vifaa na malipo mwaka 2023, na wengi wao hupima shinikizo la damu nyumba kwa nyumba bila kuwahi kuambiwa kwamba katika nyumba ya tatu kuna mtu aliyetoka wodi ya akili wiki jana. Waambiwe, kwa idhini ya mgonjwa, na wafundishwe maswali mawili ya kuuliza. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa huduma hizi, basi na bajeti ilitaje daftari hili kwa jina. Na nesi wa usiku asiachwe peke yake na wodi nzima, kwani hata mpango mzuri kuliko yote hauwezi kuandikwa na mtu anayekimbia kati ya vitanda thelathini.

Fomu yenyewe siitupi. Maswali yake nayauliza yote, maana yananikumbusha mambo ambayo ningeyasahau saa kumi na moja jioni nikiwa nimechoka. Visanduku vya chini naviacha vitupu, na mahali pake naandika sentensi tatu: nini kimemfikisha hapa, nini kinaweza kumrudisha, na nani anampigia lini.

Jumatano iliyopita zamu ilikuwa ya mama mmoja wa Kamukuywa, siku yake ya saba. Simu ilipokelewa na mtoto. "Mama yuko shambani, anapalilia." Nikamwambia amwarifu kuwa daktari wa wodi alimtafuta, na kwamba nitapiga tena. Saa moja usiku simu ya wodi iliita mara moja ikakatika, kama wafanyavyo wasio na salio. Nikampigia. Kwanza aliniuliza kama mvua imenyesha Kitale.